Kwapani mwa Vunjajungu

Banda namba saba, Usa River, saa moja asubuhi.
Plastiki bado inatoka jasho la usiku
na Meru umejifunika mpaka kidevuni.
Nina lenzi, kalamu ya risasi,
na daftari la Bwana Nnko lenye safu nne alizozipiga kwa rula:
mdudu, tarehe, mahali,
halafu ile ya mwisho, nyembamba kama mlango wa choo:
mwenyeji au mgeni.

Inzi weupe hawanisumbui. Utitiri haunisumbui.
Hao kalamu huwaandika yenyewe, mimi napiga miayo.
Lakini leo, juu ya kreti la miche ya waridi
iliyoshuka KIA juzi kutoka Uholanzi,
amekaa yeye,
mikono kaikunja kama mtu aliyefika kuomba
akasahau alichofuata.

Vunjajungu.

Shangazi Namkunda, kule Usangi, hakulitaja jina hilo
bila kurudi nyuma hatua moja.
Ukimgusa, chungu kitapasuka.
Nilimgusa nikiwa na miaka sita.
Chungu kilipasuka kweli, miezi minne baadaye,
kwa pembe ya mbuzi,
ila aliyechapwa ni mimi.

Sasa nalipwa ili nimguse.

Kitabu cha banda kinasema: rangi isikudanganye,
kijani huyu, kahawia yule, huenda ni ndugu wa tumbo moja.
Tazama bawa: lina doa jeupe ubavuni?
Tazama kifua, katikati ya mikono: pana alama ya njano?
Kisha muinue mkono, taratibu,
kama fundi anayempima mteja mwenye aibu,
uchungulie kwapani.

Mbele kuna ramani.
Amerika wameipaka wekundu: huku ni mgeni.
Nyuzilandi nayo nyekundu, kwa sababu ya mdogo mmoja
aliyevuka bahari kutoka kusini kwetu.
Afrika wameiacha nyeupe, nzima,
neno moja limelala juu yake kama mkeka: wenyeji.
Kana kwamba Usangi na Rasi ya kule chini
ni uani kwa mtu mmoja.
Kana kwamba mimi, kufika hapa, sikupanda basi,
na mwenye nyumba wa Maji ya Chai hakuniuliza,
funguo bado ziko mkononi mwake,
Mpare? Basi kodi ya miezi sita, mkupuo.

Nimemuinua mkono.
Amegeuza kichwa, akanitazama juu ya bega,
jambo ambalo inzi hajawahi kunifanyia.
Na doa lipo: jeusi, mboni nyeupe katikati,
jicho la pili alilolificha anapoficha jasho.
Nafunua ukurasa. Huyu ni wa Ulaya.
Na wa Asia.
Na wa Afrika.

Basi alishuka na ndege, kwenye baridi ya kreti,
au aliingia jana usiku kwa tundu la chandarua
akitokea kwenye michongoma ya Mzee Kaaya?
Doa halina muhuri.
Chini ya kreti pameganda kifuko cha mayai,
povu la uji lililokaukia ukingoni.

Kinachoandikwa mgeni huenda kwenye pipa la moto.
"Andika basi," anasema Bwana Nnko, "lori linanguruma."

Nikaandika: mpangaji.

Akasoma kwa kidole, herufi kwa herufi.
Akatoa kifutio mfukoni, akakigeuza geuza, akakirudisha.
"Mtie kwenye chupa. Na hicho kifuko. Tungoje kianguliwe,
wenye macho makali kuliko sisi waje waone."
Chupa ilikuwa ya jamu. Hata baada ya kuioshwa,
ilinukia machungwa.

Jioni nilipika makande.
Chungu sina. Nina sufuria ya alumini, mpini mmoja,
na niliibeba kwa mikono miwili mpaka mezani.